Maji niliyoyavulia nguo

Habari zenu. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyie mlioketi nyuma karibu na mlango. Najua kwa nini mmeketi hapo. Shahada yangu yote niliisomea kwenye viti hivyo hivyo. Mkichoka tokeni tu, sitawaandama.

Waandaaji wameniomba nizungumzie kubadili mwelekeo wa kazi ukiwa katikati ya shahada isiyohusiana na kazi unayoitaka. Nadhani waliniona nafaa kwa sababu ya wasifu wangu: juu kuna shahada ya uhandisi wa ujenzi, chini yake miaka 19 ya uhariri wa vitabu. Katika kila usaili niliowahi kuingia, swali la kwanza lilikuwa "Ilikuwaje?" Kwa muda mrefu nililijibu kwa uongo mtamu, kwamba tangu utotoni nilipenda madaraja na vitabu sawasawa. Leo sitafuti kazi, kwa hiyo mtapata ukweli.

Ilikuwa mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, kipindi cha mekanika ya udongo. Mhadhiri alichora ubaoni ukuta wa kuzuia udongo, na nyuma yake kifusi kikavu kilichosawazishwa juu. Akauliza: nguvu yote ya udongo huu tukiikusanya iwe mshale mmoja, mshale huo unausukuma ukuta kwenye kimo gani? Wenzangu wakainamia vikokotoo. Mimi pia nilikuwa nimeinama, ila nilikuwa na kitini alichotugawia asubuhi, na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne. Nimeunganisha sentensi mbili zilizokatwa vibaya, nimefuta neno "ambalo" mara sita, nimehamisha aya moja kutoka chini kwenda juu ambako ilistahili kuwa. Nilipoulizwa jibu sikujua hata swali. Jambo lililonitisha halikuwa aibu. Kilichonitisha ni kwamba kwa dakika ishirini nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeipata katika miaka miwili na ushei ya uhandisi.

Nilimpigia simu shangazi yangu, maana kumpigia baba sikuthubutu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama hakimu anayefunga jalada: "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Wiki iliyofuata kaka yangu, ambaye habari zilimfikia kwa njia wanazozijua ndugu wenyewe, akanitumia ujumbe wa maneno matano: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikaona kama wahenga wote wamekaa kikao bila mimi na kupitisha azimio kwamba nibaki.

Nimeziwaza sana methali hizo mbili tangu siku hiyo. Ile ya kaka yangu naiheshimu. Inakuuliza swali la haki: huo msala unaoukodolea macho ni wa nani, na unapita kwenda wapi? Ile ya shangazi, kwa heshima zote, ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu inakugeuza shingo uzitazame nguo zilizokwisha vuliwa. Miaka miwili iliyopita, ada iliyolipwa, mitihani uliyofaulu, vyote vinasimama ufukweni vinakutazama.

Wachumi wana jina la hali hiyo: gharama iliyokwisha kuzama. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha majaribio yao kuihusu, na mojawapo nalipenda kwa usahili wake. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Ohio waligawanywa kwa kubahatisha. Baadhi walilipa bei kamili, wengine wakapewa punguzo bila kutarajia. Tiketi ni zile zile, michezo ni ile ile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi. Pesa ilikwishatoka mfukoni na haikuwa inarudi, lakini iliendelea kuwashika mkono na kuwapeleka ukumbini.

Mwanafunzi akishasikia hadithi hii huruka moja kwa moja: "Basi niache! Miaka yangu miwili ni gharama iliyozama!" Taratibu. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na nimewaona wengi wakikosea baada yangu. Kusema kwamba yaliyopita yasikufunge si kusema kwamba uondoke. Ukiyafuta yaliyopita, kinachobaki ni hesabu ya kuanzia leo kwenda mbele: nikibaki, nitalipa nini tangu leo na nitapata nini, nikiondoka, nitalipa nini tangu leo na nitapata nini. Na hesabu hiyo ikifanywa kwa uaminifu, mara nyingi husema ubaki. Haisemi hivyo kwa sababu umeshatumia miaka mitatu. Inasema hivyo kwa sababu umebakiza mmoja tu, na huo mmoja unakupa shahada nzima. Unaweza kufika pale pale alipokuwa anakusukumia shangazi, ila kwa mguu wako mwenyewe.

Mimi niliifanya hesabu hiyo kwenye daftari, usiku, baada ya wiki nzima ya kuifanya kichwani na kupata majibu tofauti kila siku. (Kichwani hesabu hii haikai. Iandikeni.) Upande mmoja niliandika yaliyobaki: mihula mitatu, mafunzo kwa vitendo, mradi wa mwisho. Upande wa pili niliandika kile ambacho uhariri unakidai. Nikaenda kusoma matangazo ya kazi za uhariri, yote niliyoweza kuyapata, na karibu kila moja liliandika "shahada ya kwanza", bila kutaja ya nini, halafu likadai mfano wa kazi. Yaani hakuna aliyekuwa ananitaka nianze shahada ya lugha. Walitaka nimalize kitu, chochote, na niwaonyeshe kurasa nilizozihariri. Nikabaki.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu rafiki yangu wa chumba kimoja alifanya hesabu ile ile akapata jibu lililo kinyume, na alikuwa sahihi kama mimi. Yeye alikuwa mwaka wa pili wa uhasibu na alitaka fiziotherapia, ile tiba ya viungo. Kule huwezi kuingia kwa kuonyesha mifano. Huwezi kumwendea mgonjwa wa kiharusi ukamwambia nimejifunza mwenyewe, nina video nzuri. Ni kazi yenye bodi, yenye usajili, yenye saa za mafunzo hospitalini zinazohesabiwa na kutiwa sahihi. Kila muhula aliouongeza kwenye uhasibu ungemchelewesha bila kumsogeza hata inchi. Aliacha, akaanza mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliomwita kaka mkubwa.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza "nibaki au niondoke," mimi nitakuuliza: kazi unayoitaka ina mlango wa namna gani? Kuna kazi zinazolindwa na cheti maalumu: udaktari, uuguzi, famasia, uhandisi wa kusaini michoro. Kuna zinazofunguka kwa kuonyesha ulichokifanya: kuandika programu, kuhariri, kupiga picha, usanifu wa kurasa, biashara, sehemu kubwa ya uandishi wa habari. Halafu kuna kundi la katikati ambalo wanafunzi wengi hawalijui, nalo linaokoa watu: kazi zinazokubali shahada yoyote kisha zinadai mafunzo ya juu yake. Marekani, mtu anaingia shule ya sheria akiwa na shahada ya fizikia, ya muziki, ya kilimo, haiwasumbui. Sheria yenyewe inasomwa baada ya shahada ya kwanza. Uingereza, mwenye shahada ya historia anaweza kusoma kozi ya mwaka mmoja akawa mwalimu. Vyuo vingi siku hizi vina shahada za uzamili za kompyuta zilizotengenezwa makusudi kwa watu waliosomea mambo mengine. Mtu anayevunja shahada yake mwaka wa tatu ili akaanze upya kitu ambacho kingemngoja mpaka ahitimu, huyo nahuzunika kwa ajili yake.

Na msidhani mko peke yenu. Takwimu za elimu za Marekani zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba kati ya wanafunzi waliokwisha kuchagua fani, takriban 30 katika kila 100 walibadili angalau mara moja ndani ya miaka mitatu tangu waanze chuo. Waliobadili zaidi ya wote ni walioanza na hisabati: zaidi ya nusu yao. Na wanaohitimu? Watafiti wawili wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, walitumia takwimu za mwaka 2010 wakakuta wenye shahada ya kwanza wanaofanya kazi inayoendana na somo walilosomea ni 27 katika kila 100. Wale wengine 73 hawakufukuzwa duniani. Wanafanya kazi, wanalea, na baadhi yao ndio mabosi wenu watarajiwa.

Lakini kuna kitu kinanisumbua zaidi ya hesabu. Ni kutofautisha kukimbia na kuendea.

Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alipelekwa Edinburgh, Uskoti, kusomea udaktari mwaka 1825, akiwa na miaka 16. Baba yake alikuwa daktari, babu yake alikuwa daktari. Kijana alihudhuria upasuaji mara mbili, mmoja ukiwa wa mtoto, na hiyo ni miaka mingi kabla ya klorofomu, dawa ya kumlaza mgonjwa, kuanza kutumika. Alitoka mbio kabla haujaisha. Hakurudi tena kwenye chumba kile. Mwaka 1827 akaacha chuo. Mpaka hapo hadithi ni tamu, kijana kajitambua. Kumbe hapana. Baba akapendekeza ukasisi, naye akakubali, akaenda Cambridge kusoma shahada ya kumwandaa kwa kazi nyingine ambayo hatimaye hakuifanya. Alijua anachokikimbia, hakujua anachokiendea, na mtu wa namna hiyo hupelekwa na yeyote aliye karibu yake mwenye sauti kubwa.

Kilichomvusha kilikuwa pembeni mwa masomo yote mawili. Kule Edinburgh, wakati mihadhara ya udaktari ikimchosha, alimlipa mtu mmoja amfundishe kukausha na kujaza ngozi za ndege. Mtu huyo aliitwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huko Guyana kisha akawa huru. Alimfundisha saa moja kila siku kwa muda wa miezi miwili. Cambridge, Darwin alikusanya wadudu kwa wazimu na kumfuata mwalimu wa mimea, Henslow, kwenye matembezi yake mpaka watu wakamtambua kama kijana anayetembea na Henslow. Shahada aliimaliza, mwaka 1831, akashika nafasi ya kumi, si haba. Na Henslow ndiye aliyemwandikia habari za nafasi kwenye meli ya uchunguzi, Beagle. Tarehe 27 Desemba 1831 meli iling'oa nanga, na ndege aliowakusanya safarini walihifadhiwa kwa ufundi wa Edmonstone. Ukiniuliza ni kozi gani iliyomfaa zaidi katika miaka yote mitano ya chuo, nitajibu ile ambayo haikuwa na mtihani.

Kwa hiyo kama umekuja hapa na hamu ya kukimbia tu, sikulaumu, lakini hujawa tayari. Tafuta kwanza unachokifanya ukiwa hujatumwa.

Na ukikipata, usikiamini haraka! Nakuja sasa kwenye jambo ambalo, kama mtasahau mengine yote, ningependa mtoke nalo. Kila kazi ina uso wake wa sikukuu na uso wake wa Jumanne saa tisa alasiri. Sisi tulio nje tunaona ule wa sikukuu. Mimi nilidhani mhariri ni mtu anayeketi kwenye kiti cha kuegemea, anasoma riwaya kabla ya watu wote, anapiga simu moja na kumwambia mwandishi sura ya tatu imelegea. Nikamwendea mama mmoja, mhariri wa siku nyingi, nikamwambia nataka kujifunza, nitafanya kazi bure likizo nzima. Akanitazama, akafungua droo, akanipa faharasa.

Faharasa, kwa ambao hamjawahi kukutana nayo, ni ile orodha ya nyuma ya kitabu inayosema neno fulani liko kurasa zipi. Kitabu kilikuwa cha jiografia, kurasa mia tatu na kitu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kila neno, kufungua kila ukurasa uliotajwa, kuhakikisha neno lipo. Moja moja. Siku ya kwanza nilijiona mtaalamu. Siku ya pili niliichukia kazi, nilimchukia yule mama, na nilianza kuikumbuka mekanika ya udongo kwa mapenzi. Siku ya tatu nikafika herufi M. "Mto: 12, 88, 140." Ukurasa wa 12, mto, unatiririka. Ukurasa wa 88, mto, una mafuriko. Ukurasa wa 140 kulikuwa na habari za zao la pamba na matumizi yake: magodoro, mashuka na mto wa kulalia.

Nilicheka peke yangu mpaka watu wakanigeukia. Halafu, na hapa ndipo nilipojijua, nikarudi mwanzo. Nikarudia herufi zote kuanzia A, kwa kuogopa kwamba kuna mto mwingine wa kulalia niliouruka. Hakuna aliyeniambia nirudie. Hakuna ambaye angegundua. Nikakuta "kaa" mbili, mmoja wa baharini na jingine la moto, wamelala kitanda kimoja. Msinielewe vibaya, sikuipenda ile kazi. Hakuna anayependa faharasa, na anayesema anaipenda mpimeni homa. Ila nilitaka iwe sahihi hata kama haitaonekana na yeyote. Uhandisi haukuwahi kunipa hamu hiyo. Kule nilitaka kufaulu, basi.

Nendeni mkatafute faharasa ya kazi mnayoiota. Anayetaka kuandika programu akae siku mbili akitafuta kosa moja ambalo mwishowe ni herufi iliyokosewa. Anayetaka uwakili asome mkataba wa kurasa themanini kwa sauti ya moyoni bila kuruka. Anayetaka uandishi wa habari apige simu kumi zisizopokelewa, halafu ya kumi na moja atukanwe. Anayetaka biashara akadai madeni. Mkishaonja hapo ndipo mje tuzungumze habari za kuhama. Kuonja hakuhitaji uache shahada. Kunahitaji likizo moja, au jioni mbili kwa wiki.

Nitakuwa mwongo nisipoongeza kwamba mshika mbili moja humponyoka. Muhula ule nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya somo la haidroliki. Nilistahili. Nilikuwa nahariri tasnifu za watu usiku wa kuamkia majaribio. Baada ya hapo nilijiwekea sheria kwamba wiki tatu kabla ya mitihani sigusi kurasa za mtu, hata akinilipa. Niliivunja mara moja tu, na sitawaambia matokeo.

Yapo mambo ya ofisini ambayo nitayapitia upesi kwa sababu hayana utamu, lakini yamewaumiza watu. Kabla ya kusaini fomu yoyote ya kuhama au kuacha, nenda kwa msajili na uulize kwa maandishi: masomo niliyofaulu yatahesabiwa mangapi kule ninakokwenda? Ulaya, kwa mfano, mwaka mmoja wa masomo hupimwa kwa krediti 60, na watu hudhani zinahama zote kama mizigo. Kitivo kinachokupokea ndicho kinachoamua. Uliza tarehe ya mwisho. Uliza kama unaweza kuahirisha masomo badala ya kuyaacha, na kwa muda gani nafasi yako itangojwa. Uliza kama ukitoka sasa unapewa cheti cha hatua uliyofikia. Uingereza aliyekamilisha mwaka wa kwanza huweza kupewa cheti, na wa pili diploma, na wapo wanaoondoka bila kujua kwamba walikuwa na haki ya karatasi hiyo. Anayesoma kwa mkopo, ufadhili au viza asome masharti mara mbili, maana vitu hivyo mara nyingi vimefungwa kwenye kozi, havikufungwa kwako.

Na kuna mmoja wenu, sijui amekaa wapi, ambaye tatizo lake si kozi. Amefiwa, au anaumwa, au hajalala vizuri tangu muhula uanze, na kila kitu kinaonekana kibaya, kozi ikiwemo. Wewe usibadili fani ukiwa na homa. Omba kuahirisha, tafuta mshauri au daktari, pumzika. Swali la kazi litakungoja, halina haraka.

Nimebakiza wazazi. Darwin tena. Nafasi ya meli ilipokuja, baba yake alikataa katakata, lakini akaacha mlango wazi kidogo: ukimpata mtu yeyote mwenye akili timamu anayekushauri uende, nitakubali. Mjomba wake, Josiah Wedgwood, akachukua pingamizi za baba zikiwa zimeandikwa moja moja, akazijibu moja moja kwa barua. Baba akakubali. Mimi niliiga. Sikwenda kwa baba na ndoto. Nilikwenda na daftari lile, na kurasa nilizohariri, na shangazi. Ndiyo, shangazi yule yule. Nilikuwa nimemwonyesha hesabu kabla, akaikagua kama muuza duka, akasema, "Kumbe hutoki majini, unaogelea kwenda ng'ambo." Mjomba wangu Wedgwood alikuwa yeye. Baba alinyamaza muda mrefu, akauliza jambo moja tu: "Utamaliza?" Nikasema nitamaliza. Akasema, "Basi mengine ni yako."

Nimeambiwa kuna muda wa maswali. Karibuni. Dada wa pale mbele.

Anauliza: yuko mwaka wa mwisho, imebaki miezi mitano, kozi anaichukia kabisa, afanyeje? Maliza. Ichukie na uimalize. Miezi mitano ni midogo mno kuliko miaka utakayotumia kueleza kwa nini hukumaliza. Isipokuwa kama unaumwa, hapo nimeshasema.

Kaka wa katikati anasema kwenye usaili atawaambia nini wakimwuliza kwa nini amesomea hiki na anaomba kile. Usiombe msamaha, na usitoe hotuba kama hii yangu. Chagua kitu kimoja ulichokipata kwenye shahada yako kinachofanya kazi kule unakokwenda, kieleze kwa mfano, kisha waonyeshe kazi uliyokwisha kuifanya. Johannes Kepler, yule mtaalamu wa nyota na sayari, alikuwa anamalizia theolojia kule Tübingen, Ujerumani, mwaka 1594 alipoitwa kwenda Graz, Austria, kufundisha hisabati. Hakufurahi. Alitaka uchungaji, na alikubali kwa sharti kwamba ataruhusiwa kurudi kanisani. Mwaka wake wa kwanza wanafunzi wa darasa la hisabati walikuwa wachache, wa pili hakuja hata mmoja. Alifanya nini? Akaanza kuzisoma sayari kama alivyofundishwa kuyasoma Maandiko, akitafuta mpango wa Mungu ndani yake. Mwaka 1595 alimwandikia mwalimu wake wa zamani kwamba alitaka kuwa mwanatheolojia, akahangaika sana, na sasa anaona Mungu anatukuzwa kwa kazi yake ya nyota. Theolojia hakuiacha nyuma Tübingen.

Swali la mwisho. Yule wa karibu na mlango! Kumbe hukutoka. Unauliza kama ile miaka ya uhandisi imewahi kunifaa kitu, niseme ukweli.

Mwaka wa sita wa kazi yangu ililetwa hati ya kitabu cha ujenzi. Wenzangu waliikwepa kwa sababu ya michoro, ikaishia mezani kwangu. Sura ya tisa ilikuwa na ukuta wa kuzuia udongo, kifusi kikavu kimesawazishwa juu, na mshale mmoja unausukuma ukuta. Mshale ulikuwa umechorwa katikati kabisa ya ukuta. Nikautazama. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikautazama tena. Udongo unasukuma zaidi kadiri unavyoshuka, kwa hiyo msukumo wake ni pembetatu yenye kitako chini, na mshale unapita kwenye theluthi ya kimo kutoka chini. Hauwezi kuwa nusu. Nikaweka alama nyekundu, nikaandika pembeni "theluthi, siyo nusu", nikamrudishia mwandishi, profesa mwenye heshima zake. Kesho yake akajibu kwa mstari mmoja, hakuna salamu, hakuna asante:

"Wewe umejuaje?"